Magunia 31 ya ziada: nodi zitumiane ujumbe au zishiriki data moja?

Swali la msomaji wa Kirumba, Mwanza:

"Shikamoo mwalimu. Nimewaandikia wafanyabiashara wa dagaa programu ya kuhesabu mzigo. Kompyuta, yaani nodi, ziko tatu: moja mwaloni kisiwani Ukara, moja Nansio, moja stoo pale Mwaloni Kirumba. Mwanzo niliweka databesi moja hapa mjini, zote zikawa zinaandika humo. Mtandao wa kisiwani ukikatika, karani wa Ukara anakaa mikono mitupu na mzigo uko mbele yake. Nikabadilisha: kila kompyuta ikapata databesi yake, zikawa zinatumiana ujumbe. Sasa kazi haisimami, lakini hesabu hazikubaliani. Jumatatu programu ilisema stoo ina magunia 215. Tukahesabu kwa mkono tukapata 184. Tena ujumbe wa Ukara unachukua saa sita kufika, na bei wanayobadilisha kule haikai, inarudi ya zamani. Rafiki yangu ananiambia nitafute mfumo unaofanya kompyuta zote zione kumbukumbu moja, kana kwamba ni mashine moja. Nirudi kwenye data ya pamoja au niendelee na ujumbe? Nimeambatisha programu na logi za siku mbili, yaani orodha ya matukio ambayo programu hujiandikia."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Usirudi. Kaa na ujumbe, ila kila data uipe mwenyewe mmoja na kila ujumbe uupe namba. Jibu ni hilo. Sababu zake ziko kwenye logi zako, ambazo nimezisoma hadi chai ikapoa, na zinaeleza hata mambo ambayo hukuyauliza.

Tuanze na magunia. Logi ya Mwaloni ya Jumamosi ina mistari miwili inayofanana: 07:52 kutoka Ukara, ongeza 28, halafu 07:57 kutoka Ukara, ongeza 28. Mizigo miwili sawasawa, dakika tano kati yake? Ziwani mengi yanawezekana. Lakini logi ya Ukara yenyewe ina mzigo mmoja tu asubuhi ile, na chini yake kuna mstari ambao wewe mwenyewe uliiandikia programu iuseme: "hakuna jibu, natuma tena". Hapo ndipo magunia 28 hewa yalipozaliwa. Ukara ilituma. Mwaloni ikapokea, ikaongeza 28, ikarudisha jibu la "nimepata", na jibu hilo likapotelea njiani. Ukara ikaona kimya, ikatuma upya, na Mwaloni haikuwa na namna ya kujua kwamba huyu ni mgeni yule yule aliyekwisha kula. Ikampakulia tena.

Katika 31 zilizozidi, 28 ndizo hizo. Yamebaki magunia matatu, nayo tutayafikia mwishoni, kwa sababu hayakutokana na kosa hili.

Wazo litakalokujia haraka ni kuiondoa ile sehemu ya kutuma tena. Usiiondoe. Ukiiondoa, siku ujumbe wenyewe utakapopotea badala ya jibu, mzigo utakuwa umepakiwa na Mwaloni haina habari nao. Tatizo ni kwamba kimya hakina maana moja. Huenda ujumbe haukufika. Huenda ulifika na jibu ndilo lililopotea. Huenda ulifika, umeme ukakatika Kirumba kabla kompyuta haijaandika kitu. Ukikaa Ukara ukatazama kioo, hali zote tatu zina sura moja.

Na usidhani kuna ujanja wa kuongeza majibu juu ya majibu. Mwaka 1978 Jim Gray, mtaalamu wa databesi, aliliandika jambo hili kwa mfano wa majenerali wawili walioko kwenye vilima viwili, wanaotaka kukubaliana saa ya kushambulia, na wajumbe wao wanaweza kukamatwa bondeni. Mimi huwa nautafsiri kwa nahodha na barua. Mfanyabiashara wa Ukara na mwenzake wa Mwanza hawana simu, wana barua zinazopitia kwa manahodha, na barua huweza kulowana. Ukara anaandika: "Tupandishe bei Ijumaa, ila tu wote wawili." Mwanza anajibu: "Sawa." Sasa Mwanza hajui kama "sawa" yake imefika, kwa hiyo anaogopa kupandisha peke yake. Ukara akimwandikia "sawa yako nimeipata", naye anabaki na wasiwasi uleule. Chukulia kuna idadi ndogo kabisa ya barua inayotosha kuwahakikishia wote wawili. Ile ya mwisho inaweza kulowana, na makubaliano yanatakiwa yasimame hata hivyo. Basi haikuhitajika, na idadi uliyoiita ndogo kabisa haikuwa ndogo kabisa. Ukikata hivyo moja baada ya nyingine utajikuta huna barua hata moja, na ungali umekubaliana. Haiwezekani.

Kwa hiyo mtu akikuuzia mfumo unaofikisha kila ujumbe mara moja tu, si pungufu wala zaidi, muulize anafanyaje. Akijibu kwa ukweli atakuambia anatuma hata mara kumi, kisha mpokeaji anatupa marudio. Nawe fanya hivyo hivyo kwa mkono wako. Ujumbe wako wa sasa unasema "ongeza 28". Uandike namna hii:

UKARA-1, namba 417, magunia 28 yamepakiwa

Mwaloni iwe na jedwali dogo lenye safu mbili: jina la nodi, na namba ya mwisho iliyoshughulikiwa kutoka kwake. Ikija 417 na ya mwisho ni 416, fanya kazi. Ikija 417 na ya mwisho ni 417, usifanye kitu, lakini jibu "nimepata" vilevile, maana anayetuma tena anachohitaji ni jibu tu. Ikija 418 wakati 417 hujaiona, usiipokee kimyakimya. Mwambie Ukara "nipe 417 kwanza". Hapo umepata faida ambayo hukuiomba: pengo linajionyesha lenyewe.

Kuna sehemu nne ambazo watu huteleza hapo, na nimeteleza kwenye tatu. Kuongeza magunia na kuandika namba ya mwisho lazima viwe ndani ya muamala mmoja wa databesi, vifanikiwe pamoja au vishindwe pamoja. Ukivitenganisha, umeme utakatika katikati siku utakayokuwa umesafiri. Jibu litoke baada ya kuandika kwenye diski, si kabla. Upande wa Ukara, ujumbe uandikwe kwanza kwenye jedwali la "vya kutumwa" ndani ya databesi ya Ukara, muamala uleule unaosajili mzigo, halafu kazi nyingine pembeni ichukue kutoka humo na kutuma mpaka ijibiwe. La nne lilinigharimu wiki nzima: siku utakayofuta kompyuta ya Ukara na kuweka programu upya, hesabu yake itaanza tena kwenye 1, na Mwaloni itautupa kila ujumbe ikiamini ni marudio. Programu ikiwekwa upya, jina libadilike: UKARA-2.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa kazini, tazama tiki za WhatsApp. Tiki moja inasema seva, yaani kompyuta yao ya kati, imepokea. Mbili zinasema simu ya mwenzako imepokea. Za bluu zinasema amesoma. Ni majibu matatu tofauti kutoka sehemu tofauti, na hakuna linalokuambia kama ameelewa. Mfumo wa WhatsApp ulijengwa kwa lugha ya Erlang, iliyoanzishwa mwaka 1986 katika kampuni ya Ericsson, Sweden, na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu. Katika Erlang programu ndogondogo hazigusani kumbukumbu hata zikiwa ndani ya kompyuta moja. Kila moja ina sanduku lake la barua, na ukitaka kitu kwa mwenzako unamwandikia. Walichagua hivyo kwa sababu programu moja ikianguka haimwachii mwenzake data iliyoandikwa nusu.

Sasa rafiki yako. Anachokupendekezea si uzushi. Kina historia ya heshima. Kai Li alimaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1986 juu ya jambo hilohilo: kompyuta kadhaa kwenye mtandao zionekane kuwa na kumbukumbu moja. Mfumo wake uliitwa IVY. Programu yako inaandika x = 5 kwenye mashine hii, ile nyingine inasoma x na kupata 5, na wewe mwandishi wa programu huoni ujumbe wowote.

Ila ujumbe upo. Mashine ya pili ikigusa ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu, ambao haina, mfumo unasimamisha programu, unauliza mtandaoni ukurasa uko kwa nani, unauleta, kisha unaachia programu iendelee. Kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya au mnara hakuna njia nyingine ya data kusafiri isipokuwa ujumbe. Anayekuahidi kumbukumbu ya pamoja amekufichia barua tu, na ukifichiwa barua unasahau kuuliza itakuwaje ikipotea.

Tazama gharama yake. Kusoma kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako kunachukua takribani nanosekunde 100. Kuuliza Nansio na kupata jibu kwa laini ya simu, siku mtandao umetulia, tuseme milisekunde 50. Hiyo ni mara laki tano. Mstari wa programu unafanana, x ni x, lakini mmoja ni kunyoosha mkono mezani na mwingine ni kupanda boti. Tena kurasa zenyewe ni kubwa kuliko unavyohitaji. Kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Ukiweka idadi ya Ukara na idadi ya Nansio zikaangukia ukurasa mmoja, kila Ukara ikiandika ya kwake inaunyakua ukurasa kutoka Nansio, na Nansio ikiandika ya kwake inaurudisha, ingawa hazigombei kitu. Watasukumana hivyo kutwa nzima.

Hata wale wenye kompyuta kubwa za kisayansi, maelfu ya mashine ndani ya chumba kimoja na nyaya za kasi ambazo sisi tunaziota tu, walipokaa kuandika kanuni ya pamoja ya kuunganisha programu zao walitoka na MPI, toleo la kwanza mwaka 1994, na kiini chake ni kutuma na kupokea. Kama wao ndani ya chumba kimoja waliona heri barua ionekane, wewe mwenye ziwa katikati una haraka gani ya kuificha?

Kumbukumbu ya pamoja ina mahali pake, na mahali hapo ni ndani ya kompyuta moja. Nyuzi mbili za programu yako pale Mwaloni, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba, zinaweza kushiriki data na kuilinda kwa kufuli linaloruhusu mmoja tu kuigusa kwa wakati, kwa kuwa mashine ikifa zinakufa zote. Kufuli la mtandaoni halina bahati hiyo. Ukara inachukua kufuli, mnara unazimika, na sasa Nansio na Mwaloni wanamsubiri mtu ambaye hawajui kama amelala au amekufa. Ukiweka muda wa kufuli kuisha, Ukara itaamka baada ya muda huo, ikiamini bado inalo, na kuandika juu ya kazi ya mwenzake.

Nije kwenye zile saa sita, ambazo kwa kweli zilinichekesha.

Ujumbe wako hauchelewi. Logi ya Ukara inasema mzigo wa magunia 28 ulitumwa 01:52. Logi ya Mwaloni inasema ulipokelewa 07:52. Nani anapakia dagaa saa nane kasoro usiku? Wakati huo mitumbwi iko majini na karabai zimewaka. Tofauti ingekuwa saa tatu ningeushuku ukanda wa saa, maana sisi tuko saa tatu mbele ya ile saa ya dunia inayotumika kwenye seva nyingi. Lakini ni saa sita kamili, kila mstari, siku zote mbili. Mtu aliyewasha kompyuta ya Ukara aliulizwa saa, akatazama jua, akaandika saa anayoijua: mbili asubuhi. Kompyuta ikaandika 02:00. Hana kosa, alijibu kwa Kiswahili. Rekebisha saa na uiruhusu kompyuta ijisahihishe yenyewe kila mtandao unaporudi.

Ndiyo maana bei ya Ukara haikai. Programu yako ina kanuni ya "bei yenye saa mpya zaidi ishinde". Ukara inabadilisha bei saa nne asubuhi, ujumbe unabeba 04:00, Mwaloni ina bei iliyowekwa 07:30, inaona ya Ukara ni ya zamani, inaitupa na kuirudishia Ukara ya kwake. Kompyuta inatii ulichoiambia.

Hata hivyo usitosheke na kurekebisha saa. Saa za kompyuta mbili hazilingani kamwe kwa ukamilifu. Zikisahihishwa mtandaoni bado zitapishana kwa milisekunde, na ipo siku mbaya zitarudi nyuma. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alilieleza hili mwaka 1978 katika makala ambayo hadi leo ndiyo naanza nayo kumfundisha mtu. Alisema, acha kuuliza saa ngapi. Uliza nini kilitangulia nini. Tukio likitokea kabla ya lingine kwenye kompyuta moja, limetangulia. Kutuma ujumbe kumetangulia kupokelewa kwake. Mengine yote ambayo hayaunganishwi na mnyororo wa namna hiyo hayana wa kwanza wala wa pili, hata saa ya ukutani iseme nini. Kila nodi iwe na kihesabu. Kila tukio kinaongezeka kwa moja. Kila ujumbe unabeba namba yake. Anayepokea analinganisha yake na iliyokuja, anachukua kubwa, anaongeza moja. Kwa njia hiyo jibu haliwezi kuwa na namba ndogo kuliko swali lake. Tahadhari moja: namba kubwa haithibitishi kwamba tukio lilisababishwa na lile lenye namba ndogo. Kinyume chake tu ndicho cha hakika.

Kwa biashara yako, lakini, mimi nisingefika huko kwenye suala la bei. Ningeuliza swali la kizee zaidi: bei ni ya nani? Kama bei ya kununulia mwaloni Ukara inapangwa na watu wa Ukara, basi Ukara peke yake ndiyo iandike, na wengine wawe na nakala ya kusoma. Mwaloni ikitaka ibadilike, itume ombi, na Ukara ikubali au ikatae. Ugomvi wa saa unaisha kwa sababu hakuna waandishi wawili. Nakala ya Nansio inaweza kuwa ya nusu saa iliyopita, basi iandikwe pembeni "bei ya saa nne na nusu", kama mtu anavyosema "mimi nilimwacha yuko nyumbani". Wafanyabiashara hawatashangaa. Wameishi na habari za jana maisha yao yote; kinachowachukiza ni habari za jana zinazojifanya za leo.

Pitia data zako zote hivyo, moja moja, kwenye karatasi, kabla hujagusa programu. Nyingi zitapata mwenyewe bila shida. Ripoti ya jumla ya mzigo haihitaji hata zile namba za 417 na 418 ukiiandika kwa akili: badala ya Ukara kutuma "ongeza 28", itume "tangu nianze nimepakia jumla ya magunia 1,340". Hii ni mita ya maji. Msoma mita akipita mara mbili kwa siku, bili yako haipandi. Ujumbe ukirudiwa, hakuna kitu. Ukija uliochelewa unaosema 1,312 baada ya ule wa 1,340, chukua kubwa. Kila nodi na mita yake, na jumla ya wote ni kujumlisha mita. Kuna tawi zima la utafiti lililojengwa juu ya data za namna hii, ambazo nakala zake hukubaliana zenyewe bila kuombana ruhusa. Marc Shapiro na wenzake walilipa umbo mwaka 2011. Sharti lake ni kwamba mita isirudi nyuma. Kilichotoka kiwe na mita yake mwenyewe, usipunguze ile ya kilichoingia.

Panapouma ni kuuza. Umeniambia Nansio wanapokea oda kwa simu za wateja watakaochukua mzigo Mwaloni, na Mwaloni yenyewe inauza papo hapo. Hapo magunia ni yale yale na wauzaji ni wawili. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu, kwamba mtandao ukikatika kati ya pande mbili unachagua moja: kila upande uendelee kujibu na uhatarishe kutofautiana, au mmoja akatae kujibu mpaka mtandao urudi. Huwezi kuvipata vyote viwili, uwe na fedha kiasi gani.

Niliwahi kulipia somo hili. Zamani nilishughulikia tiketi za kampuni moja ya usafiri wa majini. Vituo viwili vya kukata tiketi, orodha moja ya vitanda, na mimi kijana nikaamua kwamba mtandao ukikatika vituo viendelee tu, tutapatanisha baadaye. Baadaye ilikuwa usiku wa safari, gatini, abiria wawili wana tiketi ya kitanda kimoja na wote wamelipa. Mmoja alikuwa mama mzee na kuku wawili kwenye tenga. Hakuna programu inayopatanisha hilo. Nilimpisha chumba cha mhasibu wa meli na sikuwahi tena kusema "tutapatanisha baadaye" bila kutaja nani atapatanisha, na kwa kutumia nini.

Nilichofanya baada ya pale ndicho nakushauri nawe: gawa haki ya kuuza kabla mtandao haujakatika. Leo stoo ina 184. Mwaloni ipewe haki ya 120, Nansio ipewe 64. Kila mmoja anauza ndani ya fungu lake bila kumuuliza mwenzake, mtandao uwepo usiwepo, na jumla haiwezi kuvuka 184. Fungu la Nansio likikaribia kuisha inaomba nyongeza, na Mwaloni inapunguza ya kwake kwanza ndipo inatuma. Zingatia mpangilio huo: punguza, kisha tuma. Ujumbe ukipotea, magunia yatakuwa hewani kwa muda bila wa kuyauza, nayo ni hasara ndogo kuliko kuyauza mara mbili. Fungu likiisha na mtandao haupo, karani aseme "subiri". Neno hilo ndilo bei unayolipa, na umelichagua mwenyewe mahali unapotaka litamkwe, badala ya kulikuta kila dakika kama ilivyokuwa enzi za databesi moja.

Fanya mabadiliko haya wakati wa mbalamwezi, dagaa hawavuliki na mzigo ni mdogo. Ukingoja giza utakuwa unashona nguo mwilini. Na ujaribu kwa kuchomoa laini ya intaneti kwa mkono wako katikati ya kutuma, mara nyingi, katika kila hatua. Usijaribu siku mtandao umetulia ukafurahi. Yale magunia 28 hewa usiyafute kwenye databesi. Tuma ujumbe wa marekebisho wenye namba yake, "toa 28, yalihesabiwa mara mbili Jumamosi", ili mwakani mtu akisoma logi aelewe.

Sasa yale matatu. Nilitafuta marudio mengine, pengo, jibu lililopotea, sikuona. Nikagundua jambo kwenye programu yako: stoo ya Mwaloni inaongezeka pale Ukara inapopakia, si pale boti linaposhusha. Yaani Ukara inaandika data ambayo si yake. Ukara inajua kilichopanda botini; kilichoingia stoo anakijua aliyesimama mlangoni akihesabu. Wape wote wawili mita zao: "yaliyopakiwa" iwe ya Ukara, "yaliyoshushwa" iwe ya Mwaloni, na mlangoni karani aandike anachokiona kwa macho yake, si alichoambiwa. Tofauti ya mita hizo mbili ni mzigo ulio njiani, na boti likishafunga kamba tofauti inatakiwa iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, hapo umetoka kwenye fani yangu. Mtafute nahodha.